Nafasi Aliyoiachia: Venuste Niyongabo na Kwao

Kiriri ni mtaa wa kilimani. Anayesimama huko huiona Bujumbura imejitandaza chini yake: Rohero na Bwiza, Buyenzi ya Waswahili, bandari, kisha Ziwa Tanganyika, na ng'ambo ya maji milima ya Kongo upande wa Uvira. Ni mtaa uliobebeshwa kumbukumbu nzito za taifa. Juu huko ndiko alikozikwa Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyepigwa risasi tarehe 13 Oktoba 1961, haujatimia mwezi tangu chama chake cha UPRONA kilipopata viti 58 kati ya 64 vya bunge. Huko pia ilijengwa ikulu, na iko Kampasi ya Kiriri ya Chuo Kikuu cha Burundi, katika majengo yaliyokuwa ya Collège du Saint-Esprit ya mapadre Wajesuiti. Kwa hiyo mlima huu unatunza habari za watu wa namna mbili: walioitawala nchi au kuipigania, na waliosomea kuitumikia. Wako wa namna ya tatu, ambao historia yetu ya maandishi huwapitia kwa haraka. Hao ni Warundi walioibeba nchi kwa miguu yao uwanjani, wakastaafu, wakaishi ugenini, na kwao kusiwatoke moyoni.

Mwanamichezo aliyestaafu akiwa mbali huulizwa swali moja kila mara: je, bado ni wetu? Jibu hutafutwa katika mambo yanayoonekana upesi, yaani anaishi wapi, amejenga wapi, huja mara ngapi, wanawe wanazungumza lugha gani. Vipimo hivyo ni vyepesi, na wepesi wake ndio unaopotosha. Kipimo ninachokitetea hapa ni kingine: mapenzi ya mtu kwa kwao hujulikana kwa nafasi aliyowaachia au kuwafungulia wenzake wa kwao, hasa ikiwa nafasi hiyo ilikuwa halali yake na hakuna ambaye angemlaumu kwa kuishika. Kwa kipimo hicho Venuste Niyongabo, mzaliwa wa Vugizo katika uliokuwa mkoa wa Makamba, bingwa wa Olimpiki aliyehamia Italia na kubaki huko baada ya kustaafu, hajawahi kuondoka Burundi. Ushahidi mkubwa uko katika majuma mawili ya Julai na Agosti 1996. Ila majuma hayo hayaeleweki mpaka tuanze nyuma kidogo.

Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962. Kwa zaidi ya miaka 30 baada ya hapo haikupeleka mwanariadha hata mmoja kwenye Michezo ya Olimpiki. Wakimbiaji hawakukosekana. Nchi hii ni ya vilima na nyanda za juu, zenye hewa nyepesi kama zile zilizowalea wakimbiaji wa Bonde la Ufa la Kenya na wa Ethiopia. Kilichokosekana ni chombo. Kwa kanuni za Olimpiki mwanariadha hajiandikishi mwenyewe. Huandikishwa na Kamati ya Olimpiki ya nchi yake, na kamati hiyo sharti iwe imetambuliwa na ile ya kimataifa. Burundi iliunda kamati mwaka 1990, ikatambuliwa mwaka 1993. Miaka iliyotangulia nchi ilikuwa ikijijeruhi yenyewe: ufalme uliangushwa mwaka 1966, mauaji ya 1972 yakaangamiza watu zaidi ya laki moja, serikali ikapinduliwa mwaka 1976 na tena mwaka 1987, kisha damu ikamwagika Ntega na Marangara Agosti 1988. Taifa lenye majeraha ya namna hiyo lilichelewa kujenga mengi, na kamati ya michezo ilikuwa mojawapo.

Gharama ya kuchelewa huko ilimwangukia mtu mmoja kuliko wengine wote, Dieudonné Kwizera, mkimbiaji wa mita 800 na 1500 aliyeshindana pia kwa niaba ya Chuo Kikuu cha Nebraska, Marekani. Michezo ya Seoul ilipofanyika mwaka 1988 alikuwa na miaka 21, umri ambao mkimbiaji wa masafa ya kati anaanza kuiva. Hakwenda, kwa kuwa nchi yake haikuwa na kamati inayotambuliwa. Ilipofika zamu ya Barcelona mwaka 1992 alikuwa na miaka 25, na mlango ulikuwa bado umefungwa. Miaka bora ya mkimbiaji ni michache na haihifadhiki kwa matumizi ya baadaye. Kamati ilipotambuliwa na Burundi ikajiandaa kwenda Atlanta mwaka 1996, Kwizera alikuwa amefikisha miaka 29, na katika msafara huo wa kwanza aliwekwa kama mkufunzi. Angeingia kijiji cha wanamichezo, angewanyoosha wenzake misuli na kuwashikia saa, kisha angepanda jukwaani kutazama mbio ambazo ujana wake wote aliziota.

Niyongabo alikuwa mtoto wa kizazi kilichofuata. Alizaliwa tarehe 9 Desemba 1973, mwaka mmoja baada ya yale mauaji, katika kusini ile ile ambako machafuko ya 1972 yalianzia, huko Rumonge na Nyanza-Lac. Makamba inapakana na Tanzania, na njia zake zimepitisha mafungu kwa mafungu ya wakimbizi kuelekea Kigoma. Mwaka 1992 alipata medali ya fedha ya mita 1500 katika mashindano ya vijana ya dunia yaliyofanyika Seoul, mji ule ule ambao Kwizera hakupata ruhusa ya kukimbia miaka minne kabla. Mwaka 1995, kwenye Mashindano ya Dunia ya Göteborg nchini Sweden, alipata shaba ya mita 1500 nyuma ya Noureddine Morceli wa Algeria na Hicham El Guerrouj wa Morocco, huku Mrundi mwenzake Arthémon Hatungimana akichukua fedha ya mita 800. Nchi ambayo haijakanyaga Olimpiki hata mara moja ilirudi na medali mbili za dunia kutoka mashindano mamoja. Kwa hiyo Niyongabo alipoelekea Atlanta hakuwa mgeni wa bahati nasibu. Alikuwa miongoni mwa wakimbiaji bora wa mita 1500 duniani, na kila aliyefuatilia riadha alijua mbio zake ni zipi.

Huku nyumbani hali ilikuwa mbaya. Tangu Rais Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa Juni 1993, alipouawa na wanajeshi tarehe 21 Oktoba mwaka huo, nchi ilikuwa vitani. Mrithi wake, Cyprien Ntaryamira, alikufa tarehe 6 Aprili 1994 katika ndege iliyotunguliwa Kigali akiwa pamoja na Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda. Michezo ya Atlanta ilifunguliwa tarehe 19 Julai 1996. Kesho yake, huko Bugendana mkoani Gitega, watu zaidi ya 300 waliokuwa wamekusanyika katika kambi ya waliohama makwao waliuawa. Rais Sylvestre Ntibantunganya alipokwenda mazishini alitupiwa mawe na waombolezaji wenye hasira, kisha akakimbilia makazi ya balozi wa Marekani. Tarehe 25 Julai jeshi lilimrudisha madarakani Pierre Buyoya, rais wa zamani. Tarehe 31 Julai viongozi wa nchi jirani walikutana Arusha, Mwalimu Julius Nyerere akiwa msuluhishi, wakakubaliana kuiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi. Hayo yote yalitokea ndani ya siku 12, wakati wanariadha wachache wa Burundi wakiwa ng'ambo ya bahari wanaandaa miguu yao chini ya bendera ambayo nyumbani ilikuwa inagombaniwa kwa bunduki.

Ni katika hali hiyo ndipo nafasi ilipoachiwa. Niyongabo alikuwa na sifa za kukimbia mita 1500 na mita 5000. Aliamua kuitoa nafasi yake ya mita 1500 ili Kwizera, mkufunzi asiyekuwa na Olimpiki hata moja, aandikwe mkimbiaji. Yeye mwenyewe akabaki na mita 5000, masafa ambayo kabla ya Michezo alikuwa ameyashindana mara mbili tu. Uzito wa jambo hili unahitaji kupimwa vizuri. Mita 1500 ni mizunguko mitatu na robo tatu, mita 5000 ni mizunguko 12 na nusu. Namna ya kugawa pumzi hubadilika, mahali pa kuongeza kasi hubadilika, na wapinzani ni watu wengine kabisa, waliokomaa katika kazi hiyo kwa miaka. Mtu mwenye medali ya dunia katika mbio moja anapoiacha na kwenda kwenye nyingine anayoijua kwa mbali, anahatarisha kazi ya miaka kadhaa, na Olimpiki hurudi baada ya miaka minne. Kwizera alikimbia na akaishia kwenye mchujo. Matokeo hayo hayapunguzi chochote, kwa maana alichopewa hakikuwa ahadi ya ushindi. Kilikuwa haki ya kusimama kwenye mstari, haki aliyonyimwa mara mbili bila kosa lake.

Fainali ya mita 5000 ilikuwa tarehe 3 Agosti. Mbio zilipokaribia mwisho, Mmarekani Bob Kennedy alishika uongozi na uwanja mzima ukamshangilia kijana wa nyumbani. Niyongabo alimpita. Katika mzunguko wa mwisho kasi ya mtu wa mita 1500 ilijitokeza: aliwaacha wenzake kwa hatua kadhaa, kisha akavumilia huku Paul Bitok wa Kenya akimkaribia katika mita za mwisho. Alimaliza kwa dakika 13 na sekunde 7.96. Bitok alipata fedha kwa 13:08.16, na Khalid Boulami wa Morocco shaba kwa 13:08.37. Watatu hao walitenganishwa na chini ya nusu sekunde baada ya kilomita tano. Burundi ilipata dhahabu ya Olimpiki katika Michezo yake ya kwanza. Katika mbio za mita 10,000 Aloys Nizigama alikuwa tayari ameshika nafasi ya nne, nafasi moja tu kutoka kwenye medali. Siku tatu baada ya vikwazo kutangazwa, wimbo wa taifa wa nchi iliyotengwa na majirani zake ulipigwa Atlanta, na aliyesimama kwenye ngazi ya pili alikuwa Mkenya.

Wako watakaosema kwamba tendo hilo limepambwa mno. Watauliza: je, haikuwa hesabu tu? Göteborg ilishaonyesha kwamba Morceli na El Guerrouj walikuwa mbele yake. Fainali za mita 1500 na mita 5000 zilipangwa jioni moja, kwa hiyo asingeweza kuzikimbia zote mbili kwa nguvu kamili. Mtu mwerevu angechagua njia yenye matumaini, na hapo ukarimu ungekuwa umeletwa na ratiba. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake na halifai kupuuzwa. Lakini hesabu inaeleza jambo moja tu, kwa nini alikimbia mita 5000. Haielezi kwa nini jina la Kwizera liliandikwa kwenye mita 1500. Mkimbiaji aliyeandikishwa katika mbio mbili anaweza kuzishika zote mpaka dakika ya mwisho, akatazama hali ya mwili wake, kisha akajiondoa katika mojawapo na nafasi ikapotea bure. Hufanyika hivyo mara nyingi na hakuna anayelaumiwa. Tena, hesabu yenyewe haikuwa na uhakika wowote: katika fainali ya mita 1500 El Guerrouj alianguka karibu na mzunguko wa mwisho akamaliza wa mwisho, na medali zikawaendea wengine nyuma ya Morceli. Hakuna aliyeweza kuyajua hayo kabla. Niyongabo aliamua gizani kama wanavyoamua binadamu wote, na katika giza hilo alihakikisha kwamba uamuzi wake unampa mwenzake kitu.

Pingamizi la pili ni la watu wa nyumbani, nalo lina uchungu zaidi. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Niyongabo aliishi Italia tangu enzi za mashindano, akaumia na kudhoofika, akaishia kwenye mchujo wa mita 5000 huko Sydney mwaka 2000, na alipostaafu hakurudi Makamba. Aliweka makazi Bologna. Waliobaki walikula vita, vikwazo na njaa. Kwa nini tumhesabu mtu wa Bologna kuwa mtu wa Vugizo? Hapa ndipo kipimo cha makazi kinapoonyesha udhaifu wake, kwa sababu kikitumiwa kwa haki hakitamwondoa Niyongabo peke yake. Kitawaondoa waliokimbia mwaka 1972 na kuzaa watoto na wajukuu katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu huko Tanzania, ambako watu zaidi ya 160,000 walipewa uraia baada ya miongo minne. Kitawaondoa waliovuka kwenda Kigoma baada ya 1993, na waliovuka tena kwenda Nyarugusu baada ya 2015. Nchi ambayo imewatoa watoto wake kwa wingi namna hiyo haiwezi kudai kwamba aliyelala nje usiku amepoteza kwao. Ni kweli kwamba Niyongabo hakuondoka kama mkimbizi. Aliifuata kazi yake. Hata hivyo swali linabaki lile lile kwa wote: mtu aliye mbali anakifanyia nini kile alichokiacha? Yeye alilijibu uwanjani, na baadaye alilijibu tena alipojiunga na Mabingwa wa Amani, wanamichezo wanaofanya kazi na shirika la Peace and Sport la Monaco kutumia michezo kupatanisha watu waliogawanyika. Angeweza kuchagua shughuli zisizomkumbusha vita. Alichagua ile inayomrudisha kwenye jeraha la kwao.

Mfano kutoka pwani unasaidia kuona kwamba jambo hili si la Burundi pekee wala si la riadha pekee. Aasif Karim, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1963, aliiongoza Kenya kama nahodha wa kriketi katika Kombe la Dunia la 1999 na aliiwakilisha pia katika tenisi. Baada ya mashindano hayo alistaafu akarudi kwenye biashara yake. Mwaka 2003, akiwa na miaka 39, aliitwa tena kikosini kwa Kombe la Dunia lililofanyika Afrika Kusini, Zimbabwe na Kenya. Tarehe 15 Machi, Durban, Australia iliyokuwa bingwa wa dunia ilikuwa ikifukuzia mikimbio 175 kwa kasi ya kutisha. Karim alirusha ova 8 (kila ova ni mipira sita) na mipira miwili, ova sita kati ya hizo bila kuruhusu mkimbio hata mmoja, akatoa mikimbio saba tu na kuangusha wiketi tatu, ya nahodha Ricky Ponting ikiwa mojawapo. Australia ilishinda kwa wiketi tano, lakini mchezaji bora wa siku hiyo alitajwa Karim. Baadaye mwanawe Irfan naye aliichezea Kenya. Hapa aliyestaafu aliitwa, akaitika bila kudai kwamba zamu yake imekwisha. Niyongabo alitoa nafasi, Karim alijaza nafasi iliyopungukiwa mtu. Matendo yanaonekana kinyume, lakini yote mawili yanaitambua nafasi ya taifa kuwa kitu cha watu wote, ambacho mtu hukishika kwa niaba na hukikabidhi au hukipokea kadiri wenzake wanavyokihitaji.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote: medali haikuzuia risasi hata moja. Vita viliendelea. Katika miezi na miaka iliyofuata mamia ya maelfu ya wanavijiji walikusanywa katika kambi, na Makamba yenyewe ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoteketea. Mkataba wa Arusha ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000 chini ya usuluhishi wa Nelson Mandela, aliyeshika kazi hiyo baada ya kifo cha Mwalimu Nyerere. Kundi kubwa la waasi la CNDD-FDD liliweka silaha chini kwa makubaliano ya 2003 tu, na uchaguzi ukafanyika mwaka 2005. Katika mlolongo huo hakuna mahali ambapo dhahabu ya Atlanta ilibadilisha msimamo wa mpiganaji. Aidha, serikali zote, ziwe za kijeshi au za kura, hupenda kusimama karibu na mshindi ili mwanga wake uziangukie. Yote hayo ni kweli, na atakayedai kwamba mbio zilileta amani anawadharau walioileta kwa miaka ya mazungumzo. Dai langu ni dogo kuliko hilo, na kwa hiyo ni imara zaidi. Historia ya Burundi ya nusu ya pili ya karne ya 20 inasimuliwa kwa tarehe ambazo kila upande una maombolezo yake: Aprili 1972, Agosti 1988, Oktoba 1993, Julai 1996. Tarehe 3 Agosti 1996 ni mojawapo ya tarehe chache ambazo Mrundi yeyote anaweza kuitaja mbele ya Mrundi mwingine bila mmoja wao kuinamisha kichwa. Jamii inayojifunza kuishi pamoja inahitaji sheria, mahakama na mikataba. Inahitaji pia mambo kadhaa ya kujivunia yasiyo na mwathirika.

Kuna jambo jingine linaloonekana tukitazama miaka iliyofuata. Mwaka 1993, kamati ya Burundi ilipotambuliwa na nchi kutumbukia vitani, alizaliwa Ruyigi msichana aitwaye Francine Niyonsaba. Alipokua na kuanza kukimbia hakuhitaji kuuliza swali lililomzuia Kwizera, kwamba je, Mrundi anaweza kuingia Olimpiki? Njia ilikuwapo. Mwaka 2016 huko Rio de Janeiro alipata fedha ya mita 800, medali ya pili ya Olimpiki ya nchi hii, miaka 20 baada ya ile ya kwanza. Kanuni za riadha kuhusu kiwango cha homoni zilipomzuia kuendelea na masafa hayo, alihamia masafa marefu, na Septemba 2021 mjini Zagreb akavunja rekodi ya dunia ya mita 2000 kwa dakika 5 na sekunde 21.56. Sisemi kwamba Niyongabo ndiye aliyemtengeneza; kila mkimbiaji hujitengeneza kwa jasho lake na la wakufunzi wake. Ninachosema ni kwamba kila nafasi iliyofunguliwa huanza kuwa kitu cha kawaida kwa wanaofuata, na kizazi cha pili kinapoichukulia kuwa ya kawaida, kazi ya kizazi cha kwanza imefanikiwa. Mrundi aliyenyimwa mlango, Mrundi aliyempisha, na Mrundi aliyezaliwa mlango ukiwa wazi ni sura tatu za habari moja.

Mtu anaweza bado kusema kwamba wema wa mtu mmoja si mpango. Kwizera alikimbia kwa sababu Niyongabo alikuwa na moyo. Angekuwa mchoyo, Kwizera angezeeka na kiu yake, na hakuna kanuni ambayo ingemwokoa. Hili nalikubali lote, na hapo ndipo hoja inapotugeukia sisi. Mapenzi ya mwanamichezo kwa kwao ni nusu ya mkataba. Nusu ya pili ni ya kwao kwenyewe: kuwa na chombo kinachofanya kazi kwa wakati, ili nafasi ya kijana isitegemee huruma ya mwenzake. Kwizera hakupoteza Seoul na Barcelona kwa sababu ya uchoyo wa mtu yeyote. Alizipoteza kwa karatasi ambazo hazikuandikwa na kamati ambayo haikuundwa mapema. Makosa ya namna hiyo hayatoi kishindo, hayana siku ya maombolezo, na kwa hiyo hurudiwa kwa urahisi. Kila uwanja unapoachwa bila kutunzwa, na kila safari ya mashindano inapokwama kwa kukosa sahihi, yuko Kwizera mwingine anayezeeka.

Kwa hiyo swali la kama Niyongabo bado ni wetu limeulizwa upande usio wake. Yeye alilimaliza Julai 1996, alipokuwa na kitu cha thamani mkononi na akamgawia Mrundi mwenzake katika juma ambalo Warundi walikuwa wakiuana. Swali lililobaki ni la nchi. Wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Burundi wanafundishwa, kwa haki kabisa, habari za Rwagasore na za wafalme, za mapinduzi na za mikataba. Habari ya Kwizera na Niyongabo inastahili kufundishwa kwa uzito huo huo, kwa kuwa inaonyesha kwa mfano halisi, wenye tarehe na majina, jinsi raia anavyoweza kuitendea haki nchi iliyoshindwa kumtendea haki mwenzake. Ziandikwe kumbukumbu za wakimbiaji wa kizazi hicho wakiwa bado hai na wanaweza kusimulia. Zijengwe njia za kukimbilia katika Makamba na Ruyigi, mahali mabingwa wanakozaliwa, wala zisiishie Bujumbura. Kamati na mashirikisho yapimwe kwa idadi ya vijana waliofikishwa kwenye mstari wa kuanzia. Nchi ikiyafanya hayo itakuwa imemrudishia Niyongabo kile alichoipa, na kijana wa Vugizo wa leo hatalazimika kungoja mwenzake ampishe.